Tunalipia bando la kutazama dari

Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa kamera za nyuzi 360, zinazopiga picha ya mzunguko, yaani pande zote kwa mpigo. Insta360 walitoa X5 mwezi Aprili, DJI wakaingia uwanjani na Osmo 360 mwezi Julai, GoPro wakajibu kwa Max2 mwezi Septemba. Zote tatu zinajinadi kwa neno moja: 8K. Ubishi ulifika mahali GoPro wakaiita ya kwao "8K ya kweli", wakidai wenzao wanahesabu hata pikseli zisizofika kwenye picha ya mwisho. Huku kwetu mazungumzo yameegemea maswali mawili: kamera ipi ina picha kali zaidi, na lini intaneti yetu itaweza kubeba picha za namna hiyo hadi kwenye miwani ya uhalisia pepe. Nadhani maswali yote mawili yamebisha hodi mlango usio wao. Picha ya mzunguko haitushindi kwa sababu ina pikseli chache, wala kwa sababu bando ni ghali, ingawa ni ghali kweli. Inatushinda kwa sababu tunaibana, yaani tunapunguza ukubwa wa faili lake, kama picha ya kutundika ukutani. Kuibana vizuri ni kujua kwanza nani ataitazama, ataelekeza uso wapi, na anaitaka kwa kazi gani. Hesabu za kodeki, yaani programu za kubana na kufungua picha, zinakuja baada ya hapo.

Tuichukue hiyo 8K yenyewe. Upana wake ni pikseli 7,680, na kwenye televisheni zote ziko mbele ya macho yako. Kwenye picha ya mzunguko, pikseli hizo hizo 7,680 zinagawanywa kwa nyuzi 360: mbele, kushoto, kulia na kisogoni. Dirisha la nyuzi 90, ambalo ni karibu na kile unachokiona ukivaa miwani na kutulia, linaambulia 1,920, yaani upana wa HD ya kawaida ya sebuleni. Kwa hesabu ya kila uzi mmoja, 8K inatoa pikseli 21 hivi, wakati miwani ya Meta Quest 3, iliyotoka 2023, ina uwezo wa kuonyesha kama 25. Jicho lenye afya linaweza kutofautisha kama 60. Ukitaka picha ya mzunguko inayolitosha jicho, unahitaji pikseli 21,600 kwa 10,800. Hizo ni milioni 233, na kabla ya kubanwa zina uzito wa MB 700 kwa picha moja iliyosimama. Ukitaka kina, kila jicho na picha yake, zidisha kwa mbili. Ukitaka video, zidisha tena kwa 30 kila sekunde, halafu ukae chini upumzike. Kwa hiyo anayesema 8K imemaliza kazi hajapiga hesabu, na anayesubiri 16K atafika mahali pale pale akiwa amebeba mzigo mara nne.

Mzigo huo ukiufungua, unakuta sehemu kubwa ni hewa. Tufe halilali bapa, kila aliyewahi kujaribu kufunga mpira kwa karatasi ya zawadi anajua. Njia iliyozoeleka ya kulilaza ni kuipa kila latitudo mstari wake wa pikseli, na mistari yote iwe na urefu sawa. Ninayo picha moja ya namna hiyo, ya chumba cha wageni huko Unguja. Ukiifungua kwenye kompyuta bila programu ya kuizungusha, katikati kila kitu kiko mahali pake: kitanda cha samadari, chandarua kilichofungwa fundo, dirisha lenye mapazia ya kanga. Panda juu sasa. Pangaboi la darini limevutwa toka ukingo hadi ukingo, mapanga yake yamekuwa kama mawingu yaliyokokotwa na kusi. Mstari wa kwanza kabisa wa pikseli, wote, toka kushoto mpaka kulia, ni nukta moja tu: kile kikombe cha chuma kinachofunika nyaya katikati ya pangaboi. Chini ni hivyo hivyo, miguu mitatu ya stendi ya kamera imetapakaa kama lami iliyomwagika.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 duara ni nusu ya ikweta, lakini mstari wa pikseli ni mrefu vile vile, kwa hiyo kila kitu kimehifadhiwa mara mbili. Kwenye nyuzi 80, karibu mara sita. Sehemu zote mbili zilizo juu ya nyuzi 60, darini na sakafuni, ni asilimia 13 tu ya tufe zima, lakini zinakula theluthi moja ya pikseli. Ukijumlisha picha nzima, asilimia 36 ya pikseli ni marudio. Njia hii ya kulaza tufe ni ya kale mno. Ptolemy, mtaalamu wa kale wa ramani na nyota, anaihusisha na Marinus wa Tiro, mwanajiografia wa mwanzoni mwa karne ya pili, na aliilalamikia tangu wakati huo. Marinus huyo huyo ndiye aliyempa Ptolemy habari za mabaharia waliofika Rhapta, bandari ya pwani yetu ambayo wanaakiolojia bado wanabishana ilikuwa wapi. Alitupatia Rhapta, nasi tukambebea kasoro yake mpaka ndani ya miwani. Na si jambo la wataalamu peke yao: Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani ya Mercator kwa sababu inaivimbisha Greenland na kuipunja Afrika. Kasoro ni ndugu moja. Tofauti ni kwamba kwenye ramani tunapunjwa ukubwa, na kwenye picha ya mzunguko tunapunjwa bando.

Mtetezi wa mfumo wa zamani ana jibu hapa, na si jibu la kipuuzi. Atasema kwamba JPEG, iliyoanza 1992, inakata picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane na kutupa mabadiliko madogo ambayo jicho halijali. Dari lililonyooshwa ni laini, halina mabadiliko mengi, kwa hiyo linabanwa karibu bure. Asilimia 36 ya pikseli haina maana ya asilimia 36 ya baiti. Ni kweli. Lakini baiti ni nusu ya gharama. Simu ikishaipokea picha lazima iifungue yote, na picha iliyofunguliwa haijui tena kwamba dari lilikuwa rahisi. Picha kubwa za Street View, huduma ya Google ya kutazama mitaa kwa picha za mzunguko, za kizazi kilichopita zina pikseli 13,312 kwa 6,656. Ukiifungua moja kwa mkupuo unahitaji zaidi ya MB 260 za kumbukumbu. Simu nyingi za bei nafuu hazikubali picha ya upana huo iingie kwenye chipu ya michoro hata kidogo, zinakomea 8,192 au 4,096. Ndiyo maana mtu anaona kioo cheusi, analaumu mtandao, anaongeza bando, na kioo kinabaki cheusi. Kwenye video mambo ni mabaya zaidi, maana kodeki hubana video kwa kubahatisha kitu kimesogea wapi kati ya fremu na fremu, na karibu na ncha kitu kinachokwenda moja kwa moja huonekana kikipinda. Ubashiri unakosea, baiti zinarudi.

Wenye majukwaa waliliona hili zamani. Ukilifunga tufe ndani ya sanduku la pande sita badala ya kulilaza kama mkeka, huku ukali wa ikweta ukibaki ule ule, pikseli zinapungua kwa robo. Facebook walifanya hivyo, kisha Google mwaka 2017 wakarekebisha sanduku lenyewe kwa ajili ya YouTube, kwa sababu kila upande wa sanduku la kawaida unazipa kingo pikseli nyingi kuliko katikati, kinyume cha tunavyotaka. Ni kazi nzuri. Lakini kubadilisha umbo kunakupa robo, theluthi ukibahatika. Faida kubwa iko kwenye kichwa cha mtazamaji.

Dirisha la nyuzi 90 kwa 90 ni upande mmoja wa lile sanduku, yaani sehemu moja ya sita ya tufe. Sehemu tano zilizobaki ziko mgongoni, pembeni, juu na chini, na kwa sekunde hii hakuna anayeziona. Kwenye picha ya ukutani mtu anaiona picha nzima, hivyo ukimpelekea nzima umemtendea haki. Kwenye picha ya mzunguko, ukimpelekea nzima kwa ukali mmoja umemtoza nauli ya abiria sita naye amepanda peke yake. Street View, iliyoanza Mei 2007, haijawahi kufanya hivyo. Ile picha ya pikseli 13,312 imekatwa vigae 26 kwa 13, kila kimoja pikseli 512 kwa 512, jumla 338, na kuna matoleo madogo madogo ya picha hiyo hiyo kwa anayetazama kwa mbali. Kilimanjaro iliingia humo 2013, Gombe 2014, Samburu 2015. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa kidole chake akiwa kwenye daladala hakupakua mlima. Alipakua vigae vichache vilivyokuwa mbele yake, na alipogeuza uso akaona ukungu kwa sekunde kadhaa, kisha mawe yakatokea. Ule ukungu si hitilafu. Ni toleo dogo la tufe zima lililotangulizwa makusudi ili asikutane na weusi akigeuka.

Lakini kuna matumizi ambayo hata kigae kimoja ni kingi mno, na hapa ndipo wazo la "picha kali" linapoanguka kabisa. Kwenye uhalisia ulioongezwa, pale simu inapokuwekea kiti cha kuigiza kwenye sakafu yako halisi, simu inahitaji kujua mwanga wa chumba unatoka pande zipi, ili kiti kisionekane kimebandikwa. Taarifa hiyo ni picha ya mzunguko: dirisha liko huku, taa kule, ukuta wa kijani unaakisi kwa nyuma. Mwaka 2001 Ravi Ramamoorthi na Pat Hanrahan, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba kwa kitu kisichong'aa, mwanga wote wa mazingira unaweza kuelezwa kwa namba tisa kwa kila rangi, na kosa la wastani likawa kama asilimia moja. Rangi tatu, namba tisa tisa: 27. ARCore, zana ya Google ya uhalisia ulioongezwa, leo inampa mtengeneza programu namba hizo hizo 27. Weka pembeni zile MB 700 tulizozikokotoa juu. Ni mazingira yale yale, tufe lile lile, ila mtazamaji amebadilika: wa kwanza ni jicho, wa pili ni kiti cha mbao kisichong'aa. Mbao hiyo inapokea mwanga kutoka nusu nzima ya tufe kwa pamoja na kuuchanganya, kwa hiyo maua ya pazia hayaifikii. Kiti kikiwa cha kioo au sufuria mpya, 27 hazitoshi tena na utahitaji picha yenyewe, ndogo lakini picha. Swali "picha hii ibanwe mpaka MB ngapi?" halina jibu mpaka useme ni kwa ajili ya nini.

Zipo hoja tatu za kunipinga. Ya kwanza, ambayo ndiyo dhaifu, ni ile ya "mtandao utakua": minara ya 5G inaongezeka, Starlink iko Kenya tangu 2023, kwa nini tuhangaike? Nimeshaonyesha kwamba kila jicho linadai pikseli milioni 233, na kwamba simu hushindwa baada ya faili kufika, mahali ambapo kasi ya mtandao haina msaada. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalipi uzito. Kwenye miwani, kati ya kugeuza kichwa na picha kugeuka panatakiwa pasipite kama milisekunde 20, la sivyo unaanza kuhisi kizunguzungu. Kutoka Dar es Salaam hadi seva iliyoko Ulaya na kurudi ni zaidi ya 100, na upana wa bomba hauufupishi umbali. Miwani inaweza kugeuka kwa wakati tu ikiwa kitu fulani cha kuonyesha kimeshafika. Hivyo hata mwenye waya wa mwanga mpaka chumbani anahitaji mtu aliyefikiri kipi kitangulie.

Ya pili inasema kodeki mpya zitatuokoa. HEVC ilikuja 2013, AV1 mwaka 2018, VVC mwaka 2020, na VVC imetengewa kabisa zana za picha za mzunguko, pamoja na uwezo wa kujua kwamba ukingo wa kulia na wa kushoto ni jirani. Sina ugomvi nazo. Ila kizazi kipya cha kodeki hulenga kupunguza nusu, wakati kutopeleka kisichotazamwa kunaanzia kwenye moja ya sita. Na kodeki mpya inahitaji simu mpya.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua. Faili moja, zima, lina heshima yake. Linatumwa kwa WhatsApp, linakaa kwenye flashi, linafunguka kwenye darasa lisilo na mtandao na kwenye jumba la makumbusho ambalo umeme ukirudi intaneti hairudi. Halihitaji seva, na halimhitaji aliyelitengeneza aendelee kuwepo. Ukilikata vigae umelifunga kwenye jukwaa: lazima pawe na seva, programu ya kuviunganisha, na mtu wa kulipia vyote kila mwezi. Kwenye video gharama inapaa. Facebook walipoeleza mwaka 2016 mbinu yao ya umbo la piramidi, walisema inapunguza ukubwa kwa asilimia 80. Lakini walifika huko kwa kuhifadhi matoleo 150 ya video moja, pande 30 za kuangalia mara viwango vitano vya ukali. Nani mwingine mwenye ghala la namna hiyo? Muundo wa wazi wa OMAF, wa kuhifadhi na kusafirisha video za mzunguko, uliochapishwa kama kiwango cha kimataifa mwaka 2019, ulikusudiwa kupunguza utegemezi huu, lakini kiwango hakilipi bili ya seva. Kwa hiyo nakubali: kwa kinachosafiri bila mtandao, faili moja la ukubwa wa wastani, pikseli 4,096 kwa 2,048, lililowekewa alama ya kuitambulisha kuwa picha ya mzunguko, bado ndilo jawabu. Ninachokataa ni kulichukua faili lile lile la makumbusho, kulivimbisha mpaka 8K, na kulipakia nzima kwenye tovuti ya hoteli.

Na hapa pana gharama ambayo wanaosifia vigae, mimi nikiwemo, huipitia haraka. Seva haiwezi kukupelekea unachokitazama bila kujua unatazama nini. Kila kigae kinachoombwa ni mstari kwenye kumbukumbu ya seva: saa, simu, upande. Kwenye miwani inayofuatilia mboni, kama PlayStation VR2 ya 2023, ufuatiliaji unaweza kushuka hadi zile nyuzi kama mbili za katikati ambako jicho linaona kwa ukali, na kubana kunaweza kuwa kwa ajabu, maana pembeni mwa mboni tunaona hafifu kuliko tunavyodhani. Kadiri tunavyobana vizuri, ndivyo mwenye seva anavyojua kwa undani kilichokushika jicho. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania imepitisha ya kwake 2022. Kwa maoni yangu historia ya kutazama ni taarifa binafsi kama namba ya simu ilivyo, na kumbukumbu za vigae zinafaa kufutwa mara kigae kinapofika. Mhandisi atasema zinahitajika ili kubashiri mtazamaji atageukia wapi. Zinahitajika, ndiyo, lakini kwa jumla, si kwa jina.

Kile chumba cha Unguja ni cha mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni. Picha yake ilikuwa na MB 38 na wageni walikuwa wanaona kiduara kinachozunguka. Tukaifunga sanduku, tukaikata vigae, tukatanguliza toleo dogo la KB 90, dari tukaliacha hafifu. Ikafunguka hata kwenye simu ya mjukuu wake. Wiki iliyofuata alinipigia, nikadhani ni kunishukuru.

"Mwanangu," akasema, "hivi naweza kujua wanaangalia nini zaidi?"

Nikafungua kumbukumbu za seva. Kitanda kidogo, dirisha kidogo, pangaboi hakuna hata mmoja. Vigae vilivyoombwa kwa ukali wa juu kabisa vilikuwa vya mlango wa msalani, ambao ulikuwa wazi nusu. Nilimwambia. Akacheka, akasema atampigia fundi rangi, kisha akaniomba nimtumie orodha yote, na saa zake.